Kupe wa mbwa, mishipa inayovuja na dawa iliyochelewa: uchambuzi wa kisa kimoja cha homa ya riketsia

Kisa hiki ni cha mwanamume aliyelazwa katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya mkoa, kaskazini mwa Tanzania. Jina, umri kamili, mahali pa kazi na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike. Mwenyewe aliridhia kisa chake kitumike kufundishia.

Nimekichagua kwa sababu kinakutanisha mambo mawili ambayo darasani hufundishwa mbalimbali: ugonjwa unaoletwa na kupe, na kemia ya seli zilizotandikwa ndani ya mishipa ya damu. Seli hizo zina kinga yao wenyewe dhidi ya sumu za oksijeni. Kinga hiyo ina mtaji wenye kikomo, na mengi tuliyomfanyia mgonjwa huyu, kabla na baada ya kufika wodini, ama yaliulinda mtaji huo ama yaliula.

Usuli

Mgonjwa ana umri wa kati ya miaka 30 na 40. Kwao ni pwani. Alihamia kaskazini kutafuta kazi na akaajiriwa kuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba kubwa, ambako pia alitunza mbwa wa ulinzi. Hakuwa na kisukari wala shinikizo la damu, na kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Mbwa wale walijaa kupe. Alikuwa akiwang'oa kwa vidole na kuwaponda kwa kucha, jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote hadi siku yake ya pili wodini, maana hakuna aliyemuuliza.

Tuweke kwanza homa za eneo hili katika picha yake. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari waliwaandikia 528 kati yao kuwa wana malaria. Vipimo makini vya maabara vilithibitisha malaria kwa 14 tu. Kwa wale waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: leptospirosisi, homa ya Q, brusela, na homa za madoa za riketsia (bakteria wanaobebwa na kupe), ambazo peke yake zilimpata takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 12. Riketsia si ugonjwa wa vitabuni wala wa watalii peke yao. Ipo, na mara nyingi tunaiita jina lingine.

Riketsia zinazosambazwa na kupe huku kwetu ni hasa za aina mbili. *Rickettsia africae* hubebwa na kupe wa ng'ombe wa jamii ya *Amblyomma*, na kwa kawaida huleta homa ya wastani inayopita. *Rickettsia conorii* hubebwa na kupe wa mbwa, *Rhipicephalus sanguineus*. Huko Kenya inajulikana kwa miaka mingi, na ndiyo hiyo hiyo inayoshika watu pande za Bahari ya Mediterania. Hii ya pili inaweza kuua, hasa kwa wazee, wenye kisukari, walevi, na watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozikinga chembe nyekundu za damu zisipasuke. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa imejificha kwa mgonjwa wetu.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza alipata homa kali ya ghafla, kichwa kikamuuma sana nyuma ya macho, viungo vikamlegea. Siku ya tatu akaenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria, MRDT, kilikuwa hasi, lakini alipewa dawa ya mseto hata hivyo, kwa maelezo kwamba malaria "imejificha". Akachomwa pia sindano ya diclofenac ya maumivu. Siku ya tano, homa ikiwa palepale, alikwenda maabara ya mtaani akapimwa Widal, akaambiwa ana taifodi. Alinunua Septrin, dawa yenye salfa, kwenye duka la dawa na kuanza kumeza.

Siku ya saba alianza kukojoa mkojo wa kahawia iliyokolea. Macho yakawa ya manjano. Usiku huo mwajiri wake alimleta hospitali akiwa anaweweseka.

Alipopokelewa, joto lilikuwa 39.6, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha 84/48, anapumua mara 30 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 90. Himoglobini ilikuwa 7.4, chembe sahani (za kugandisha damu) 62,000, kreatinini (kipimo cha figo) 310, sodiamu 127. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu kwa wingi, lakini chini ya hadubini hazikuonekana chembe nyekundu. Wanaofanya kazi maabara wanajua maana yake: kilichokuwa kwenye mkojo ni himoglobini iliyomwagika kutoka kwenye chembe zilizopasuka. MRDT ilirudiwa ikawa hasi, na tone zito la damu likawa hasi pia.

Daktari wa zamu alimtibu kama mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayovuruga mwili mzima) isiyojulikana chanzo: damu kwa ajili ya kuotesha vimelea, antibiotiki ya seftriaksoni, oksijeni, dripu.

Siku ya pili wodini, jioni, homa ilikuwa haijashuka hata nukta. Muuguzi aliyekuwa akimwogesha kitandani akamwita daktari aje aone kitu. Kwenye kiuno, pale mshipi wa suruali unapobana, palikuwa na kidonda kidogo kisichouma, chenye gamba jeusi katikati na wekundu hafifu pembeni. Muuguzi akaelekeza tochi kwenye viganja na nyayo. Palikuwa na madoa madogo ambayo kwenye ngozi nyeusi ya mgongo na kifua yalikuwa yamepotea kabisa. Ndipo mwajiri alipopigiwa simu na kuulizwa kuhusu kazi, wanyama na kupe. Ndani ya saa moja mgonjwa alikuwa amepewa doksisaiklini, antibiotiki inayoweza kumfikia riketsia.

Ndani ya mshipa: nani anampiga nani

Kabla ya maamuzi, tuelewe kilichokuwa kinaendelea ndani ya mwili huu, maana bila hilo maamuzi yataonekana kama bahati.

Bakteria wengi wa sepsisi hukaa nje ya seli na kuziudhi kwa sumu zao. Riketsia huingia ndani. Mlengwa wake mkuu ni seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu, tabaka la seli moja tu kwa unene, linalotenganisha damu na kila kiungo mwilini. Ikishaingia, hutoboa kifuko kilichoimeza, ikatoka kwenye majimaji ya seli, kisha ikajisukuma kutoka seli hadi seli kwa kutumia nyuzi za aktini za seli hiyo hiyo. Kwa hiyo madhara yake hayakai mahali pamoja: ubongo, mapafu, figo, ngozi, popote penye mishipa midogo.

Seli iliyovamiwa huanza kutoa oksijeni kali: superoksidi, kisha haidrojeni peroksaidi. Sehemu hutoka kwenye vimeng'enya vya utando wake vinavyoitwa NADPH oksidesi, sehemu kwenye mitokondria zilizovurugika. Zikizidi, hushambulia mafuta ya kuta za seli, protini na hata DNA. Superoksidi ikikutana na naitriki oksidi, gesi ambayo mshipa hutumia kujilegeza, huzaliwa peroksinitraiti, ambayo ni kali zaidi, na mshipa unabaki bila kilegezi chake. Hali hii, ambapo oksijeni kali inazidi uwezo wa seli kuizima, ndiyo msongo wa oksidisho.

Kinga ya seli ina ngazi. Ngazi ya kwanza ni superoksidi dismutesi, inayogeuza superoksidi kuwa haidrojeni peroksaidi. Bado ni sumu, lakini inashikika. Ngazi ya pili ni katalesi na glutathioni peroksidesi, zinazoigeuza peroksaidi kuwa maji. Glutathioni ndiyo inayofanya kazi ya mikono hapa, na ni kama kitambaa cha kufutia: kikishalowa hakifuti tena mpaka kikamuliwe. Anayekikamua ni kimeng'enya kingine, glutathioni ridaktesi, naye hawezi kufanya kazi bila NADPH, molekuli inayompa nguvu ya kukamua. Na NADPH katika seli hizi hutoka kwa sehemu kubwa kwenye njia ya sukari ambayo mlango wake unafunguliwa na G6PD.

Ngazi ya tatu ni ya polepole lakini ina uzito. Ndani ya seli kuna protini inayoitwa Nrf2, ambayo siku za kawaida hushikwa na mwenzake Keap1 na kupelekwa kuvunjwavunjwa. Oksijeni kali ikigusa Keap1, mshiko huo hulegea, Nrf2 inaingia kwenye kiini na kuamrisha jeni nyingi za kinga zifanye kazi kwa pamoja. Mojawapo ni himu oksijenesi-1, ambayo huvunja himu, kiini cha chuma cha himoglobini, na kutoa vitu vitatu: bilivedini inayogeuzwa kuwa bilirubini yenye uwezo wa kuzima oksijeni kali, monoksidi ya kaboni kwa kiasi kidogo kinachotuliza mshipa, na chuma. Chuma hicho hakiachwi kizurure, kwa kuwa chuma huru hugeuza peroksaidi kuwa kitu kibaya kuliko yote, radikali ya haidroksili. Feritini hukifungia.

Angalia jambo moja. Himu oksijenesi inahitaji NADPH. Kinachogeuza bilivedini kuwa bilirubini kinahitaji NADPH. Kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksidi nacho kinahitaji NADPH. Njia zote za kinga zinakwenda kisima kimoja, na hata NADPH oksidesi, inayozalisha sumu yenyewe, inachota humo humo.

David Silverman na wenzake huko Baltimore, Marekani, waliliona hili katika seli za mishipa ya binadamu walizoziambukiza *Rickettsia rickettsii*, ndugu wa riketsia zetu anayesababisha homa ya madoa ya Milima ya Rocky. Peroksaidi ilipanda ndani ya seli, utando wa ndani wa seli ukavimba, na vimeng'enya vikuu vya kinga, kikiwemo G6PD, vikapungua kadiri maambukizi yalivyoendelea. Katika maabara za kundi hilo himu oksijenesi-1 nayo ilionekana kupanda, dalili kwamba seli inapambana na haikukaa kimya. Riketsia pia huiwashia seli protini inayoitwa NF-kappa B, ambayo huizuia isijiue mapema. Seli inabaki hai ikiteseka, na bakteria anaendelea kuongezeka ndani yake.

Sasa mfikirie mtu aliyezaliwa na G6PD pungufu. Hali hii ni ya kawaida pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu ilimkinga mtoto dhidi ya malaria kali vizazi kwa vizazi. Chembe zake nyekundu hazina njia nyingine ya kupata NADPH ya kutosha, kwa hiyo zinapasuka zikisongwa. Seli za mishipa yake zina njia za pembeni, lakini tafiti za seli zenye G6PD pungufu zinaonyesha kwamba oksijeni kali inakuwa nyingi zaidi ndani yake na naitriki oksidi inakuwa haba. Mtu huyu anaingia vitani mtaji wake ukiwa nusu. Tangu 1983 wataalamu wa patholojia Marekani walieleza homa ya madoa inayoua kwa kasi kwa wanaume wenye upungufu huu. Na chembe nyekundu zikipasuka mzigo unaongezeka tena: himoglobini huru hufyonza naitriki oksidi, na himu yake inatua kwenye seli zile zile za mishipa zilizokwisha kuchoka.

Maamuzi na sababu zake

*Doksisaiklini bila kusubiri kipimo.* Kingamwili za riketsia kwa kawaida hazionekani kwenye damu wiki ya kwanza. Kusubiri jibu la maabara ni kusubiri jibu litakalokuwa hasi, na seftriaksoni haiwezi kabisa kumuua bakteria aliyejificha ndani ya seli. Hatukuwa na doksisaiklini ya sindano. Alipewa miligramu 200 kupitia mpira wa puani, kisha miligramu 100 kila saa 12, mbali na maziwa, dawa za asidi na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo vyote huizuia isifyonzwe. Seftriaksoni iliendelea mpaka jibu la kuotesha damu liliporudi bila kimelea. Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo: kati ya kila tulichofanya, hiki ndicho kilichozima chanzo cha moto. Seli ya mshipa haiwezi kushinda kwa kinga yake peke yake wakati mvamizi anaendelea kuzaana ndani yake.

*Septrin ilisimamishwa saa ile ile.* Dawa za salfa zinafahamika kuifanya homa ya madoa kuwa mbaya zaidi, na kwa mwenye upungufu wa G6PD zinaweza kuongezea upasukaji wa chembe nyekundu. Kwa mgonjwa huyu maambukizi yenyewe yalitosha kupasua chembe. Septrin iliongeza shaka tusiyoihitaji. Diclofenac nayo ilipigwa marufuku kwenye faili lake kwa herufi kubwa, kwa ajili ya figo.

*Dripu kwa kipimo kidogo.* Presha ya 84 humfanya yeyote atamani kufungua dripu iende kasi. Lakini mshipa unaovuja haujazwi. Maji yanayoingia kwa kasi yanaishia kwenye mapafu. Afrika ina ushahidi wake yenyewe. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, ulikuta kwamba waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: kama asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta vifo vya hospitalini asilimia 48.1 kwa waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi, dhidi ya 33.0 kwa tiba ya kawaida. Tulimpa mililita 250 kwa wakati, tukisikiliza mapafu kila baada ya kila fungu. Mapafu yalipoanza kutoa sauti ya majimaji tulisimama, tukamwanzishia adrenalini ya kupandisha presha, ya kudondosha taratibu kwa mshipa wa mkono, muuguzi akiwa kando yake.

*Oksijeni kwa kiasi.* Lengo lilikuwa asilimia 92 hadi 96, si 100. Oksijeni ni dawa kwa anayeikosa. Ikizidi inakuwa malighafi ya sumu tuliyoieleza.

*Damu.* Himoglobini iliposhuka hadi 5.8 siku ya tatu, aliongezewa chupa mbili, moja baada ya nyingine, taratibu.

*Vitamini C ilikataliwa.* Uamuzi huu ulileta mjadala mkali kuliko wote. Kaka wa mgonjwa alikuja na boksi la ampuli, na mwenzetu mmoja aliunga mkono: kama tatizo ni oksijeni kali, kwa nini tusimpe kinachoizima? Hoja inavutia, na katika sahani ya maabara Silverman aliwahi kuzikinga seli za mishipa kwa asidi ya alfa-lipoiki. Mwili mzima hauendi hivyo. Utafiti wa LOVIT wa 2022 uliwapa wagonjwa wa sepsisi vitamini C nyingi ya mshipani. Waliokufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa walikuwa asilimia 44.5, dhidi ya 38.5 kwa waliopewa maji matupu. Vitamini C kwa dozi kubwa, ikikutana na chuma huru, huzalisha haidrojeni peroksaidi badala ya kuiondoa. Kwa mtu ambaye chembe zake zinapasuka na ambaye tunamshuku kuwa na G6PD pungufu, dozi kama hiyo inajulikana kusababisha upasukaji mkubwa. Tulikaa na kaka yake tukamweleza hivyo kwa utulivu. Alirudisha boksi dukani, na tangu siku hiyo akawa msaidizi wetu mkubwa wa kuandika mkojo aliotoa mgonjwa.

*Kipimo cha G6PD kilitafsiriwa kwa tahadhari.* Kilichukuliwa siku ya pili, kikarudi "kawaida". Laiti tungeishia hapo, kisa kingeandikwa vingine. Mtu anayepasuka chembe hupoteza kwanza zile kuukuu, ambazo ndizo zenye kimeng'enya kidogo. Zinazobaki na zinazozaliwa upya zina kimeng'enya kingi, hivyo kipimo kinadanganya. Tuliandika kwenye faili: kirudiwe baada ya miezi mitatu, na hadi hapo achukuliwe kuwa na upungufu.

Matokeo

Ndani ya saa 48 za doksisaiklini homa ilishuka na haikurudi. Siku ya tatu ya dawa adrenalini ilipunguzwa hadi kuondolewa. Chembe sahani zilianza kupanda kabla ya fahamu kurudi sawasawa, na sodiamu ikajirekebisha yenyewe mishipa ilipoacha kuvuja. Figo zilichelewa. Kreatinini ilipanda hadi 540 na tulikuwa tumekwisha kuongea na hospitali ya rufaa kuhusu kusafisha damu, lakini mkojo ukaongezeka siku moja kabla ya safari, na rangi yake ikafifia siku baada ya siku.

Alitoka hospitali baada ya wiki mbili na nusu, mwembamba, akitembea mwenyewe. Damu yake ya siku ya kulazwa na ile ya wiki nne baadaye zilipelekwa pamoja maabara ya utafiti. Kingamwili za riketsia za kundi la homa ya madoa ziliongezeka zaidi ya mara nne, na kipande cha gamba la kidonda kilitoa DNA ya *R. conorii*. Miezi mitatu baadaye G6PD ilirudiwa: pungufu waziwazi. Kreatinini ilikuwa imerudi kawaida.

Uchambuzi

Kilichookoa maisha ni mkono wa muuguzi na tochi yake. Sisemi hivi kumpamba. Kidonda chenye gamba jeusi hakiumi, mgonjwa hakitaji, na hukaa pale kupe anapopenda: kiunoni, kinenani, kwapani, nyuma ya goti, ndani ya nywele. Mgonjwa wa homa asiyevuliwa nguo hajapimwa. Na kwenye ngozi nyeusi, anayetafuta madoa kifuani peke yake atayakosa. Viganja na nyayo ndivyo vinavyosema.

Kujizuia nako kulifanya kazi. Matibabu ya mshipa unaovuja mara nyingi ni orodha ya mambo ya kutofanya: usimwage maji, usizidishe oksijeni, usiongeze salfa, usimpe vitamini kwa ndoo. Hili ni gumu kwa tabibu kijana, kwa sababu ndugu wanatazama na wanataka kuona kitu kinaning'inia juu ya kitanda. Nadhani tuwafundishe wanafunzi kueleza kwa ndugu kwa nini jambo halifanywi, kwa umakini ule ule tunaowafundishia kuingiza sindano.

Kilichokwama kilianza mapema sana. MRDT hasi ilichukuliwa kama jibu lisilofaa kuaminiwa, na Widal moja ikachukuliwa kama jibu la kuaminiwa. Ilipaswa kuwa kinyume. MRDT ni kipimo kizuri. Ikiwa hasi kwa mtu mzima mwenye homa kali, kazi ya kufikiri ndiyo inaanza. Widal ya mara moja katika eneo ambalo watu wengi wamewahi kukutana na salmonela, bakteria wa taifodi na ndugu zake, haithibitishi chochote. Lebo mbili hizo zilimgharimu siku nne, na siku nne kwa riketsia ni kutoka mishipa michache iliyoguswa hadi mwili mzima unaovuja.

Swali la kazi na wanyama halikuulizwa mara tatu mfululizo: zahanati, maabara ya mtaani, na mapokezi ya hospitali. Fomu ya kulaza wagonjwa ina nafasi ya dini na kabila lakini haina nafasi ya mifugo. Baada ya kisa hiki wodi iliongeza mstari mmoja wa kuandika kwa kalamu: anaishi au anafanya kazi na wanyama gani, na ameona kupe? Ni mstari unaogharimu wino tu.

Saa za wodini kabla ya doksisaiklini nazo zina somo. Mgonjwa alikuja na homa ya wiki nzima, chembe sahani chache, sodiamu ya chini, MRDT hasi, na anatoka eneo la mifugo. Picha hiyo peke yake, hata bila kidonda, inatosha kuongeza doksisaiklini kwenye seftriaksoni tangu usiku wa kwanza. Ni dawa ya bei ndogo, imo kwenye makabati yetu yote, na inagusa pia leptospirosisi na homa ya Q. Hofu ya meno ya watoto kubadilika rangi imewafanya wengi waiogope hata kwa kozi fupi. Kwa homa ya madoa, kozi fupi inapendekezwa kwa umri wowote, kwa kuwa ugonjwa unaua haraka kuliko dawa inavyoweza kudhuru jino.

Upungufu wa G6PD ungeweza kupotea kabisa kwenye kumbukumbu. Kipimo cha siku ya pili kilikuwa halali kimaabara na potofu kitabibu. Aliyekiagiza alijua chembe changa zinavyoficha ukweli, akaandika tarehe ya kurudia, na mgonjwa akapigiwa simu aje. Bila simu hiyo angeondoka akiwa na karatasi inayomwambia yuko sawa, na siku akihitaji primakwini au dapsoni, dawa zinazopasua chembe za wenye upungufu huu, ingemkuta hana onyo lolote. Sasa ana kadi ya dawa za kuepuka anayoibeba pamoja na kitambulisho chake. Kwa kuwa jeni hii iko kwenye kromosomu X na aliirithi kwa mama, kaka zake wa mama mmoja na watoto wa kiume wa dada zake waliitwa wapimwe, na wawili walikutwa nayo. Mbwa wa shamba wameanza kuogeshwa kwa dawa ya kupe, na walinzi wote wamepewa glavu na koleo ndogo za kung'olea.